Kikoi na milia yake

Ukitaka kutofautisha kikoi na kanga, kigeuze. Kanga hupigwa chapa, kikoi hufumwa. Fundi hutanda kwanza nyuzi za rangi, nyekundu, buluu, manjano, kwa mpango anaoutaka, ndipo mshindio upite kuzifunga. Basi milia imo ndani ya uzi wenyewe, huonekana pande zote mbili na hukimbia urefu wa nguo mpaka kwenye matamvua, ambayo ni ncha za nyuzi hizo hizo za mtande zilizosokotwa. Kikoi cha kizamani kilikuwa cheupe katikati, milia ikabanana kwenye mapindo. Cha leo kina rangi nguo nzima, na wazee wengine hukiona kina kelele. Chenye miraba, kwa kawaida, huitwa msuli.

Vazi la kiunoni ni la kale katika pwani hii. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alipewa nguo ya hariri ya kujifunga kiunoni, kwa kuwa wenyeji hawakuvaa suruali. Baadaye wafumaji wa Pate walisifika kwa hariri zao, na Wareno wakazifanyia biashara. Mpaka leo mwanamume wa Lamu au Unguja hufunga kikoi chini ya kanzu, hubaki nacho peke yake akiwa nyumbani, na mvuvi huingia nacho baharini. Hakitaki mkanda: ukingo wa juu hukunjwa mara mbili tatu, ukajishika wenyewe.

Watalii wakakipenda, kikawa shati, mkoba, taulo la ufukweni. Sina ugomvi na taulo. Ugomvi ulikuja mwaka 2006, kampuni moja ya Uingereza ilipoomba kusajili jina «kikoy» liwe alama yake ya biashara. Lau ingekubaliwa, mfanyabiashara wa Mombasa angeweza kuzuiwa kuuza kikoi kwa jina la kikoi katika soko la Uingereza. Wakenya walipinga, wakasaidiwa na watetezi wa biashara ya haki huko huko Uingereza, na mwaka 2008 ombi likaanguka.

Jina likabaki la wote, na la wote maana yake hata la wajanja: kitambaa chochote chenye milia huuzwa leo kwa jina hilo, hata kilichopigwa chapa upande mmoja. Muuzaji akikusifia rangi, wewe tazama upande wa ndani.