Mizizi ya Mpunga Hupumuaje Ndani ya Matope?

Mkulima akipanda mahindi mahali panapotuama maji, baada ya siku chache majani hugeuka manjano, na mvua ikizidi mimea hufa. Lakini mpunga hukaa majini miezi mitatu na zaidi, nao hustawi. Kwa hiyo watu wengi hudhani kwamba mizizi ya mpunga haihitaji hewa. Hiyo si kweli. Mizizi yote hupumua. Ila mpunga una njia yake ya kuipelekea hewa kutoka juu.

Yafaa kwanza tujue mambo yanayotokea ndani ya jaruba. Udongo mkavu una nafasi nyingi ndogo ndogo zilizojaa hewa. Mfereji ukifunguliwa, maji huifukuza hewa hiyo, na nyingine haiingii upesi, kwa maana oksijeni hupita katika maji yaliyotulia polepole mara 10,000 kuliko inavyopita hewani. Ile kidogo iliyobaki huliwa na vijidudu vya udongo, pengine kwa muda wa siku moja tu. Udongo mweusi mzito kama ule wa Mwea, ambako majaruba yalianza kutengenezwa miaka ya 1950 kwa maji ya mito Thiba na Nyamindi, ukisha kulowana hushika maji sana.

Sasa chukua mzizi wa mpunga uliokomaa, uukate kwa wembe, uutazame kwa kioo cha kukuzia. Kati ya ganda na moyo wa mzizi utaona matundu yamepangwa kama nafasi zilizo kati ya spoku za baiskeli. Hiyo ndiyo mifereji ya hewa. Hapo kwanza palikuwa na chembe hai, nazo zilikufa zenyewe zikaacha nafasi wazi. Hewa huingia kwa majani, hushuka kwa shina, hufika mizizini.

Mahindi nayo yaweza kufanya mifereji kama hiyo yakifurikwa, lakini oksijeni huvuja njiani. Mtu aliyepitisha maji katika mfereji wa mchanga ajua taabu hiyo! Mpunga huziba. Upande wa nje wa mzizi, katika sehemu iliyo karibu na shina, huingia kitu kama kile kilichomo katika kizibo cha chupa, ili oksijeni isitoke kabla ya kufika nchani.

Huko nchani oksijeni kidogo hutoka, na ina kazi yake. Katika matope yasiyo na hewa, chuma cha udongo huyeyuka majini, na kikizidi ni sumu kwa mpunga. Kikikutana na oksijeni hiyo hugeuka kutu, hushikamana na mzizi kwa nje. Basi ukiona mizizi ya rangi ya kahawia, usiogope. Mizizi michanga ni myeupe, na hiyo ni dalili njema zaidi.

Hatari ni mizizi myeusi yenye harufu ya mayai viza. Hiyo imeshindwa, na mmea hautakula vizuri hata ukitiwa mbolea. Ng'oa shina moja katikati ya jaruba uangalie, usingoje majani yakuambie. Ukikuta weusi mwingi, toa maji siku chache mpaka matope yaanze kupasuka nyufa nyembamba, kisha rudisha. Tangu 2009 wako wakulima wa Mwea wanaolowesha na kukausha kwa zamu, na maji hutumika machache. Magugu lakini huongezeka, hapana budi kupalilia. Wakati wa kuchanua usikaushe kabisa.

Mabua ya mpunga yaliyobaki shambani uyalime mapema, majuma kadhaa kabla ya kupandikiza. Yakioza pamoja na miche, vijidudu humaliza oksijeni na matope hutoa asidi inayoumiza mizizi.

Na mbolea ya CAN haifai katika jaruba lenye maji. Nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, na vijidudu vilivyokosa hewa huinyang'anya oksijeni yake, naitrojeni ikapaa mbinguni pamoja na shilingi zako. Salfeti ya amonia ni bora, lakini usiitie halafu ukakausha jaruba siku zizo hizo.