Kosa la Mchezoni na Lifundishe

Mnamo mwaka 1996 wanajeshi wa Marine wa Marekani waliugeuza mchezo wa kompyuta uitwao Doom II: mazimwi yakaondolewa, maadui wakawa askari, nao wachezaji wanne wakapaswa kusaidiana kama kikosi kimoja. Sisi tuliofunzwa kwa gwaride na matope twaweza kucheka. Lakini David Kolb, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alieleza kwamba mtu hujifunza kwa kutenda, kulitafakari tendo, kupata kanuni, kisha kuijaribu tena. Basi mchezo unaomwua askari na kumfufua papo hapo, bila kumwonyesha jinsi alivyoacha ubavu wazi, humzoeza uzembe. Mtengenezaji na auwekee kituo, ili mkufunzi awaulize wanne hao: nani hakumlinda mwenziwe, na kwa sababu gani?