Je, Wajua? Tuta la Maarib

Katika nchi ya Yemen, mahali ambapo Wadi Dhana hutoka milimani na kuelekea jangwani, watu wa Sabaa walijenga tuta la udongo ambalo habari za kuvunjika kwake msomaji wa Kurani amezikuta katika sura iliyoitwa kwa jina la kaumu hiyo. Lilitanda kutoka jabali hata jabali, kiasi cha mita 600, na katika zama zake za mwisho kimo chake kilipata mita 15 hivi. Upande uliokabili maji ulivikwa mawe, ili mkondo usiule udongo.

Wengi hudhani kwamba tuta hilo lilikusudiwa kuweka akiba ya maji ya mwaka mzima, kumbe sivyo. Mvua za milimani, zinyeshazo katika misimu miwili ya mwaka, huteremsha gharika ya muda mfupi; tuta liliizuia gharika hiyo, likayainua maji hata yakafikia milango miwili ya mawe, mmoja kaskazini na mmoja kusini, na kutoka hapo mifereji ikayagawa katika mabustani ya kuume na ya kushoto. Milango hiyo iliegemezwa kwenye jabali lenyewe, kwa mawe yaliyochongwa yakalingana barabara, na magofu yake yangaliko.

Lakini maji yaliyoleta neema yalileta pia matope, ambayo yalitua mashambani mwaka hata mwaka, ardhi ikapanda, na watu wakalazimika kuliinua tuta nalo lisije likashindwa kuyafikisha maji. Mara kwa mara lilibomoka, na kila mara makabila yalikusanywa kulitengeneza. Abraha, Mhabeshi aliyetawala Yemen, aliandikisha juu ya nguzo ya jiwe, mnamo mwaka 548, jinsi tauni ilivyoikatiza kazi hiyo, na hesabu ya unga, tende na wanyama waliochinjwa kwa chakula cha wafanyaji kazi.

Baadaye, katika karne hiyohiyo ya 6, likavunjika lisijengwe tena, na mashamba yakakauka. Mwaka 1986, kwa mali aliyoitoa Sheikh Zayed bin Sultan Al Nahyan, lilifunguliwa tuta jipya juu kidogo ya lile la kale, nalo pia ni la udongo. Basi sifa ya tuta la Sabaa, lililodumu zaidi ya miaka 1,000, tusiwape walioliasisi peke yao. Wanaistahiki zaidi wale waliolitengeneza kizazi baada ya kizazi.