Ukomo wa Ukubwa wa Dirisha la Kompyuta na Namna Unavyoelezwa

Dirisha la programu kwenye skrini ya kompyuta huweza kuwekewa kima cha chini ambacho halipungui zaidi yake na kima cha juu ambacho halikivuki, ingawa mtumiaji huutambua ukomo huo pale tu anapouvuta ukingo wa dirisha kwa kipanya nao ukagoma. Vima hivyo huwekwa na msanidi programu kwa kutumia seti ya zana, yaani mkusanyiko wa vitufe, menyu na amri zilizokwisha kutayarishwa. Na kwa kuwa mara nyingi zana hizo hakuziunda yeye, hutegemea nyaraka, ambazo ni maelezo rasmi ya utendaji wa kila amri. Nyaraka zinazotaja tarakimu tu bila kueleza kipimo chake, chanzo chake na anayeisimamia humwacha msanidi gizani.

Kuhusu kipimo, mfano ulio wazi ni Tk, seti iliyobuniwa na John Ousterhout katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Nyaraka zake zinaeleza kwamba amri ya «wm minsize», inayoweka kima cha chini, huhesabu kwa pikseli, yaani nukta zinazounda picha ya skrini, isipokuwa dirisha likiwa limepangwa kwa gridi, ambapo hesabu hufuata vipimo vya gridi yenyewe, ambavyo katika uga wa maandishi ni nafasi za herufi. Msanidi asiyelizingatia sharti hilo, akaandika upana wa 200 huku kila herufi ikichukua pikseli 8, atapata dirisha lisilopungua pikseli 1,600, ambalo halienei katika skrini yenye upana wa pikseli 1,366.

Chanzo cha ukomo nacho hutofautiana. Qt, seti nyingine ya zana, hutaja kima cha juu cha 16,777,215, tarakimu kubwa kabisa inayoandikika kwa biti 24, ambayo kwa kawaida humaanisha kwamba msanidi hajaweka kima chochote. Hata hivyo, programu iliyojengwa kwa Qt ikiendeshwa juu ya X11, mfumo wa madirisha uliotolewa mwaka 1987, hukutana na itifaki inayotaja mahali pa kila nukta kwa biti 16 zinazobeba pia alama ya chanya au hasi, ambazo kwa hiyo haziwezi kuvuka 32,767. Kwa hiyo tarakimu ya juu hufutwa na mfumo ulio chini yake.

Jambo la mwisho ni usimamizi. Katika X11, seti ya zana hupeleka vima hivyo kama pendekezo kwa kisimamizi cha madirisha, programu inayopanga madirisha yote, na baadhi ya visimamizi, hasa vinavyoyapanga madirisha kama vigae, hulipuuza ili kila dirisha lienee katika nafasi yake. Nyaraka zikilieleza hilo, msanidi hujua mapema kwamba hana budi kuweka pau za kusogezea, ili yaliyomo yaendelee kusomeka hata dirisha linapobanwa kuliko alivyoagiza.