Sauti ya Arusha Ugenini Ulaya

Mfikirie Mholanzi asiyejua neno la Kiswahili, naye amelipa kiingilio kuwasikiliza vijana wa Arusha. Ndiyo hadhira waliyoikabili X Plastaz, kundi lililoanza mwaka 1996 likiwa na ndugu wa familia moja ndani yake, walipozuru Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Lugha hawakuibadili. Walighani kwa Kiswahili, na kando yao Merege, mwimbaji wa Kimaasai, akaunguruma kwa koo. Nyimbo za asili za Wamaasai hazitegemei ngoma. Koo ndiyo ngoma yenyewe. Mwaka 2004 kampuni ya OutHere ya Munich, Ujerumani, ikatoa albamu yao, Maasai Hip Hop.

Hatari ilikuwapo, nayo si ndogo: mgeni huweza kuistaajabia shuka nyekundu, yakampita maneno ya njaa na dhiki ya mitaani. (Nasi wazazi tuliouita muziki huu uhuni, je, tuliyasikia?) Mmoja wa waghani hao, Faza Nelly, aliuawa mwaka 2006. Sauti yake ingali katika albamu hiyo.