Mpukutiko wa Seli: Utafiti wa J. F. R. Kerr na Suala la Istilahi

Makusudi ya makala haya ni mawili. Kwanza, ni kueleza kwa ufupi kazi ya mtaalamu wa patholojia wa Australia, John Foxton Ross Kerr, aliyechunguza kwa miaka mingi jinsi seli, yaani chembe hai zinazojenga miili yetu, zinavyokufa. Pili, ni kutafuta neno la Kiswahili linalolifaa jambo alilolibainisha. Huenda msomaji akauliza, mambo ya ini na hadubini yanahusiana vipi na jarida la lugha? Jibu ni kwamba jambo hili lilionwa na watu kadhaa kabla ya kupata jina lake, na jina lenyewe lilipopatikana halikutoka kwa tabibu, bali kwa mwalimu wa lugha.

Hadi katikati ya karne ya ishirini, wanafunzi wa utabibu walifundishwa zaidi aina moja ya kifo cha seli, nayo ni nekrosisi. Seli inayokufa hivyo huwa imeuawa na jambo lililoizidi nguvu, kama vile kukosa damu, sumu au joto kali. Huvimba, utando wake hupasuka, vilivyomo ndani humwagika, na mahali palipo jirani hupata uvimbe na maumivu.

Mwaka 1962 Kerr alikwenda London kufanya utafiti wa shahada ya udaktari katika University College, chini ya Profesa Roy Cameron. Alifunga baadhi ya matawi ya mshipa unaochukua damu kutoka matumboni kuipeleka katika ini la panya. Sehemu zilizonyimwa damu hiyo zilisinyaa. Baadhi ya seli zilikufa mapema kwa nekrosisi, kama ilivyotazamiwa. Lakini miongoni mwa seli zilizosalimika aliona jambo jingine: seli moja moja, hapa na pale, zilikuwa zikigeuka vidonge vidogo vya mviringo. Hazikuvimba, bali zilinywea. Lisosomu zao, yaani vifuko vyenye vimeng'enya vya kuyeyushia chakula cha seli, hazikupasuka. Wala hapakuwa na dalili ya uvimbe. Vidonge vile vilimezwa na seli za jirani, pakabaki safi.

Kerr alilitangaza jambo hili mwaka 1965, na baadaye akaliita nekrosisi ya kunywea. Hapa mwanaisimu hana budi kusimama kidogo. Jina hili lilikuwa na kasoro ya ndani, kwani neno lake la kwanza lilimweleza msomaji kwamba jambo lile ni tawi la nekrosisi, ilhali karibu kila alama aliyoiona Kerr ilikuwa kinyume cha nekrosisi. Jina lilikuwa likikanusha ugunduzi wenyewe.

Aliporejea Brisbane, katika Chuo Kikuu cha Queensland, alipata hadubini ya elektroni. Yeye na wenzake waliona kwamba seli ile hujikusanya, hukatika vipande vilivyofungwa vizuri katika utando, na vipande hivyo huliwa na majirani. Pamoja na Jeffrey Searle aliona mabadiliko hayo hayo katika saratani za ngozi za binadamu, ambazo hazikuwa zimetibiwa kwa dawa yoyote. Basi halikuwa jambo la ini la panya peke yake.

Wakati huo Profesa Alastair Currie wa Aberdeen, Uskochi, na mwanafunzi wake Andrew Wyllie walikuwa wakiona seli za namna hiyo hiyo katika tezi za juu ya figo za panya, zinapokosa homoni inayozitunza. Currie alizuru Brisbane, na baadaye Kerr akaenda Aberdeen. Watatu hao walitambua kwamba walikuwa na jambo moja mikononi mwao, nalo halina jina la kulistahili. Wakamwendea James Cormack, profesa wa Kiyunani katika chuo kile kile. Yeye akawapa neno apoptosisi, ambalo kwa Kiyunani husemwa juu ya majani yanayodondoka mtini, au petali zinazoanguka kutoka katika ua. Makala yao yalitoka mwaka 1972 katika jarida la Uingereza la saratani, na ndani yake wakamshukuru mwalimu huyo, hata wakaeleza namna ya kulitamka neno lake.

Isidhaniwe kwamba jina peke yake lilitenda muujiza. Carl Vogt alikwisha kuona kifo cha seli katika ukuaji wa vyura mwaka 1842, na Walther Flemming alikieleza katika mayai ya mamalia mwaka 1885. Hata baada ya 1972, wengi hawakulijali neno jipya kwa miaka kadhaa. Hata hivyo jina lilifanya kazi ambayo michoro haikuweza kuifanya: lilikusanya chini ya paa moja mambo ya ini, ya tezi, ya saratani na ya mimba, ambayo kila moja lilikuwa na wataalamu wake wasiosomana.

Maana ya jambo hili kwa ugonjwa ilidhihirika polepole. Katika mnyoo mdogo sana aitwaye C. elegans, huzaliwa seli 1,090 za mwili, na 131 kati yake hufa kwa utaratibu ule ule katika kila mnyoo. Robert Horvitz na wenzake walionyesha mwaka 1986 kwamba kifo hicho huhitaji jeni maalumu. Mwaka 1988, huko Melbourne, David Vaux, Suzanne Cory na Jerry Adams walionyesha kwamba jeni iitwayo BCL-2, iliyojulikana katika saratani fulani ya tezi za limfu, haizihimizi seli kuzaana, bali huzizuia kufa. Kwa hiyo saratani yaweza kuzuka si kwa seli kuzaliwa kupita kiasi tu, bali pia kwa seli kukataa kuondoka wakati wake ufikapo. Mwaka 2016 Marekani iliruhusu venetoclax, dawa inayoifungia njia protini ya jeni hiyo. Kerr alipewa tuzo ya Paul Ehrlich na Ludwig Darmstaedter mwaka 2000, pamoja na Horvitz.

Afrika Mashariki nayo ina kurasa zake katika habari hii. Saratani ya mataya ya watoto aliyoieleza Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958, ikitazamwa katika hadubini huonekana kama anga la usiku lenye nyota. Nyota hizo ni seli kubwa nyeupe zilizomeza mabaki ya seli zilizokufa kwa njia hii tunayoizungumza.

Sasa tuje kwenye Kiswahili. Njia ya kwanza ni kulichukua neno lenyewe, apoptosisi. Halina kosa, lakini mwanafunzi wa sekondari hulikariri bila kuona chochote. Njia ya pili ni kusema kifo kilichopangwa. Jina hili ni pana mno, kwa kuwa sasa zajulikana namna nyingine za kifo zenye mpango wake ndani ya seli, na mojawapo hufanana na nekrosisi kwa sura. Njia ya tatu, kujiua kwa seli, yaipa chembe nia na hatia isiyo nayo.

Njia ya nne imo katika lugha yetu tangu zamani. Majani ya mti hupukutika. Kitenzi hiki kina jamaa zake: twapukuchua mahindi, na wali ulioiva punje zikaachana twauita pukute. Katika ukoo huu wote limo wazo la kimoja kimoja kuachana na wenziwe, nalo ndilo alilolishangaa Kerr katika ini la panya. Tena kiambishi -ik- hakitaji mtenda. Twaweza kusema seli imeuawa, nayo ni nekrosisi, au seli imepukutika, na sarufi yenyewe ikatenganisha mambo ambayo jina la kwanza la Kerr liliyachanganya.

Kuna pingamizi, na ni la haki. Wakati wa tauni au njaa husemwa kwamba watu wanapukutika, na mgonjwa akiambiwa hivyo juu ya seli zake ataingiwa na hofu. Kwa sababu hiyo napendekeza nomino mpukutiko, kwa mfano wa mmomonyoko na mporomoko, na daima iandamane na kijalizo chake: mpukutiko wa seli. Nomino yenye kijalizo husomeka kama istilahi, na haibebi kwa wepesi kilio kilichomo katika kitenzi. Pia mwalimu akumbushe kwamba mfano wa jani una kikomo chake, kwani jani huanguka chini likaoza, na seli huliwa na jirani zake.

Pendekezo hili si la kuamuliwa na wanalugha peke yao. Lipelekwe kwa walimu wa bayolojia na wauguzi, walitumie mbele ya wanafunzi na wagonjwa, kisha watuambie limeeleweka vipi. Kerr na wenzake walimwendea mwalimu wa lugha walipohitaji neno; sisi wa lugha nasi yatupasa kuwaendea wanaolihitaji neno letu.