Maradhi ya Kuvu kwa Paka: Kipimo Kitangulie Dawa

Wananchi wenye kufuga paka wanaarifiwa kwamba si kila mafua ya mnyama huyo ni mafua ya kawaida. Yapo maradhi yaletwayo na kuvu iitwayo kriptokokasi, ambayo huvutwa puani pamoja na vumbi, na huweza kuenea hadi kwenye ngozi, macho na ubongo.

Kuvu hiyo huishi katika udongo, miti iliyooza na kinyesi cha njiwa. Katika kisiwa cha Vancouver, nchini Kanada, tangu mwaka 1999 watu, paka na mbwa wameugua kutokana na aina moja ya kuvu hiyo, ambayo hapo awali ilidhaniwa kuwa ni ya nchi za joto tu. Maradhi haya hayatoki kwa paka kwenda kwa mtu. Wote wawili huyapata katika mazingira yale yale. Kwa hiyo, kumtupa au kumuua paka mgonjwa hakumkingi mtu yeyote.

Dalili zake ni kupiga chafya kwa muda mrefu, kutokwa na makamasi au damu, uvimbe juu ya pua, vinundu vya ngozi, upofu na kuyumba. Hata hivyo, saratani ya pua nayo huleta dalili kama hizo. Jicho peke yake halitoshi kuamua.

Uchunguzi hufuata hatua tatu. Kwanza, daktari wa mifugo hufyonza majimaji ya uvimbe kwa sindano na kuyatazama kwa hadubini. Kuvu huonekana ya mviringo, imezungukwa na ganda nene. Pili, damu hupimwa ili kutafuta chembe za ganda hilo, ziitwazo antijeni. Tatu, sampuli huoteshwa katika maabara ili aina ya kuvu ijulikane. Iwapo damu haikuonesha kitu ilhali uvimbe upo, kipande kidogo cha uvimbe hukatwa na kuchunguzwa.

Dawa za kuua bakteria haziui kuvu, na zile za steroidi hudhoofisha kinga ya mwili na kuyazidisha maradhi. Dawa za kuvu, kama vile flukonazoli, hutolewa kwa miezi mingi. Kuvu ikishafika ubongoni, matumaini ya kupona hupungua.

Hivyo basi, kila mwenye paka mwenye dalili hizo anaombwa amfikishe kwa daktari wa mifugo mapema, kabla ya kumpa dawa yoyote.